Altezza haifiki farasi 260 kwa filta na ekzosi

Wakuu, kuna swali naulizwa kila mara, linabadilika jina la gari tu. "Kaka nina Toyota Altezza RS200 manyuali, nshaweka filta ya koni na ekzosi, nikiongeza heda si nafika 260?" (Heda ni yale mabomba ya kutolea moshi yanayoanzia kwenye injini.) Hapana dogo, hufiki. Hata 240 hufiki. Na sikukatishi tamaa, gari ni nzuri na mimi mwenyewe naipenda, ila kuna watu wanakuuzia vyuma kwa namba za uongo, na ukikaa ukapiga hesabu kidogo tu unaona haziwezekani.

Tuanze na gari lenyewe. RS200 ya gia za mkono ilitoka 1998 na injini ya 3S-GE ya lita 2, ile yenye VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka) kwenye kamshafti zote mbili, kampresheni 11.5 kwa 1, na Toyota waliiandikia farasi 210 kwenye mzunguko wa 7,600 kwa dakika. Ya otomatiki ni 200. Ile ya pistoni sita, AS200 yenye 1G-FE, ni 160 tu, ila nayo ni ukoo wa Beams, jina walilozipa Toyota injini zao za kizazi kile ikiwemo hiyo 3S-GE, ndo maana unakutana na mtu anatamba "mi nina Beams" halafu akifungua boneti unaona pistoni sita zimelala kimya hapo, basi unanyamaza tu maana ni rafiki.

Sasa farasi 210 kwa lita 2 bila tabo ya kuisukumia hewa ni 105 kwa kila lita. Miaka hiyo ya 1998 hiyo ilikuwa kazi kubwa sana. Maana yake wahandisi wa Toyota na Yamaha walishazifanya zile kazi ambazo we unataka kwenda kuzifanya gereji: kampresheni walishaipandisha, kamshafti walishazipa ukali, njia za hewa kwenye silinda hedi walishazifungua. Hawakukuachia farasi 50 wamelala kwenye boksi la filta wakisubiri uje na koni yako nyekundu.

Kuna namba moja napenda kuitumia kwa sababu haidanganyi, nayo ni toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm, kwa kila lita. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kwa presha ya anga tu, hamna anayeisukumia, kwa hiyo ukubwa wa injini ndo unaamua hewa kiasi gani inaingia kila mzunguko na hewa ndo inaamua toki. RS200 inatoa Nm 216 kwa lita 2, sawa na 108 kwa lita. Honda S2000 ya lita 2 ni Nm 208, yaani 104. Porsche 911 GT3 ya lita 4 iliyotoka 2017 ni Nm 460, yaani 115. Ferrari 458 Italia ni Nm 540 kwa lita 4.5, yaani 120. Umeona ilivyokaa? Kati ya Altezza ya milioni kadhaa ya hapa mjini na Ferrari kuna tofauti ya asilimia 11. Kwa hiyo hata ukifanikiwa kuifanya injini yako ipumue kama ya Ferrari, kitu ambacho heda ya kuchomelea haifanyi, unafika kama 233 hivi. Hiyo 260 inatoka wapi?

Inatoka kwenye mzunguko, hapo ndo siri ilipo. Farasi ni toki mara mzunguko. Kwenye 7,600 Altezza inakuwa na toki kama Nm 194, na ukitaka 260 kwa toki hiyo hiyo inabidi uizungushe mpaka 9,400 hivi. S2000 ndo ilifanya hivyo, toki yake ni ndogo kuliko ya Altezza lakini waliipa farasi 240 kwenye 8,300 na mstari mwekundu, yaani mwisho wa mzunguko unaoruhusiwa, ukawa 9,000. Ila injini ile ilijengwa kuanzia chini kwa ajili ya kazi hiyo. Yako ukiipeleka 9,400 na springi za valvu za kiwandani utaokota vipande barabarani.

Kama huniamini mimi basi waamini wenye magari yao. Toyota 86, ambayo naiona kama ndugu mdogo wa Altezza kwa mawazo, ilitoka na lita 2 ya FA20, farasi 200 za Kimarekani. Watu duniani kote wakalalamika haina nguvu. Mwaka 2017 Toyota na Subaru wakarudi na manifoldi mpya ya kuvutia hewa na marekebisho mengine ndani ya injini kwa zile za manyuali, wenye maabara, wenye daino zao (mashine za kupima nguvu ya gari), wenye hela, wakapata 205. Farasi tano! Ikabidi toleo lililofuata waongeze ukubwa mpaka lita 2.4 ndo wakapata 228. Mazda nao na MX-5, mwaka 2019 kwa soko la Marekani waliitoa 155 wakaifikisha 181, hapo walipata kitu cha maana, lakini angalia walichofanya: pistoni nyepesi, koneti rodi nyepesi, valvu kubwa, throtol kubwa, ekzosi mpya, na mstari mwekundu ukapanda kutoka 6,800 mpaka 7,500. Yaani waliifungua injini yote. Hiyo siyo kazi ya kufunga bolti Jumamosi asubuhi.

Sasa tuje kwenye vyuma vyenyewe maana najua ndo mnachotaka.

Filta ya koni. Kwenye RS200 iliyo safi, koni iliyofungwa vizuri ikapewa kinga ya joto na bomba la kuvuta hewa ya nje inaweza kukupa farasi mbili tatu, tuseme tano siku ya baraka. Iliyofungwa kama zinavyofungwa nyingi hapa mjini, yaani limekatwa boksi la kiwandani koni ikaachwa inaning'inia pembeni ya injini, inaweza kukupunguzia. Fungua boneti baada ya foleni ya Ubungo weka mkono pale ilipo koni, utautoa haraka. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 7 hivi kuliko ya nyuzi 35, na hewa nyepesi ni nguvu ndogo, hamna mjadala. Ukishaanza kwenda kasi joto linashuka kidogo lakini boksi la kiwandani lilikuwa linavuta hewa ya nje tangu mwanzo, we ndo ulilitupa. Kinachowadanganya watu ni ule mlio. Ukikanyaga koni inavuta "whooo" na ubongo unasema gari imekuwa nyepesi. Mlio ni mtamu kweli, sikatai, kama unanunua mlio nunua mlio, ila usije kunihesabia farasi.

Ekzosi ya nyuma, kuanzia kwenye silensa, nayo ni hivyo hivyo. Mbili mpaka tano. Na hapa kuna ugonjwa wa bomba kubwa, mtu anakwambia weka inchi tatu itapumua, injini ya lita 2 bila tabo haina moshi wa kujaza inchi tatu, mwendo wa moshi unapoa, ule mvuto unaosaidia silinda inayofuata kujisafisha unapungua na unapoteza toki ya chini, ambayo kwa Altezza ilikuwa chache tangu kuzaliwa. Kwa gari hii inchi mbili na nusu inatosha sana.

Masega, yaani kile kichujio cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, ni hadithi nyingine. Kuna mafundi wanakushawishi uyatoe, "mkuu masega yanabana gari". Ukweli ni kwamba masega mazima yanabana kidogo sana, masega yaliyoziba ndo yanabana na hayo ni kweli gari inakuwa kama imefungwa kamba. Lakini jiulize kwanini fundi huyo huyo anakutolea bure au anakupunguzia bei ya kazi. Mle ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wa masega wapo kila kona. Umeachwa na harufu ya petroli kwenye nguo, taa ya cheki injini inawaka, na farasi wawili ambao huwezi hata kuwapima.

Heda ndo kitu cha maana kuliko vyote hapo juu. Manifoldi ya ekzosi ikiwa na mabomba ya urefu unaolingana, mawimbi ya moshi yanafika kwa zamu na kila silinda inasaidiwa na mwenzake. Ile ya 4-2-1 (mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja) inakupa katikati ya mzunguko, ile ya 4-1 (manne moja kwa moja kuwa moja) inakupa juu. Kwa gari ya kutembelea mi nasema 4-2-1 bila kufikiria. Wenye 86 wanajua hili vizuri, gari yao ina shimo la toki kati ya 3,500 na 4,500 hivi, ukiweka heda nzuri na kuityuni shimo linafukiwa na gari inabadilika tabia hata kama namba ya juu haijapanda sana. Kwa Altezza heda nzuri tarajia tano mpaka kumi. Nzuri, nimesema. Za kuchomelea hapa hapa zipo na kuna mafundi wanajua, lakini kabla hujalipa angalia kona za mabomba kwa macho yako. Bomba likikunjwa kavu linabonyea kwenye kona, unakuta nje linaonekana inchi moja na nusu, pale kwenye kona limekuwa yai. Fundi anayejua kazi anajaza mchanga mkavu kwenye bomba, anaziba ncha zote mbili, analipasha moto mpaka linakuwa jekundu ndo analikunja taratibu, na likitoka linakuwa duara mpaka mwisho. Pitisha kidole ndani kwenye maungio pia, vile vidonge vya kuchomelea vikiwa vimeingia ndani ya bomba waambie wasage kwanza. Mwulize na urefu wa kila bomba. Akikwambia "ni makadirio tu bosi" ondoka.

Halafu kutyuni kontrol boksi, ile kompyuta ya injini. Kwa magari ya tabo hapo ndo kuna muujiza, unapandisha presha gari inapata farasi 60 mchana kweupe bila kufungua bolti, na ndo chanzo cha matatizo yetu maana jamaa mwenye Subaru ya tabo anakuhadithia na we unadhani na yako iko hivyo. Bila tabo hamna presha ya kupandisha. Unarekebisha mafuta, moto (muda wa plagi kuwasha) na VVT-i, unapata tano, kumi ukiwa na heda. Na kuna jambo la petroli: RS200 ilitengenezewa ile petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo pampuni inakuwa RON (kipimo cha oktani) 98 mpaka 100, ya kawaida ya kwetu iko chini ya hapo, kwa hiyo injini ikisikia inagonga inarudisha moto nyuma yenyewe. Yaani kuna farasi ulizolipia kwenye mnada wa Japani ambazo hujawahi kuzipata hapa.

Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya diagnosi vyenye taa ya kijani inayowaka waka, na vile virezista vya kuidanganya sensa ya joto la hewa, sina la kusema. Kirezista kinaiambia kontrol boksi kwamba hewa ni ya baridi, inamwaga mafuta zaidi kwa hewa ambayo haipo. Umelipia kupoteza mafuta.

Jumlisha sasa. Na usijumlishe kwa kujumlisha namba za kwenye maboksi, maana haziendi hivyo, filta na heda na ekzosi vyote vinagombania hewa ile ile na kinachobana zaidi ndo kinaamua. RS200 nzima yenye afya, vyote vimefungwa vizuri na imetyuniwa na mtu anayejua, farasi 10 mpaka 20. Ndo hiyo. Umetoka 210 uko 225 hivi, na hela iliyotoka ungenunua injini nyingine na chenji inabaki.

Na kuna mwizi mmoja ambaye watu hawamhesabu kabisa: mwinuko. Chukua hiyo Altezza yako toka nayo Dar, panda Kitonga, nenda mpaka Mbeya ambako ni karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukishatoa faida ya baridi ya kule, hewa bado ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Dar. Hizo ni farasi 30. Yaani vyuma vyote ulivyofunga, vya miezi na miezi ya kudunduliza, Mbeya imeshavichukua na imechukua na vingine. Ndugu zetu wa Nairobi ndo wanaishi huko kila siku, gari ya farasi 210 kwao ni ya 178 hivi, na ndo maana mtu wa Nairobi akishuka Mombasa anasema gari imeamka. Mwenye tabo haumii sana maana tabo inafidia.

Hapo hapo mjihadhari na karatasi za daino. Mashine ya daino inapima joto na presha ya hewa halafu inapiga hesabu ya kukurudisha kwenye hali ya usawa wa bahari, kwa hiyo karatasi ya Nairobi inaweza kusoma namba ambayo gari haijawahi kuitoa ikiwa Nairobi. Siyo wizi, ni kanuni, ila ujue unachosoma. Pia inapima kwenye tairi, na kati ya injini na tairi kuna gia boksi na difu zinazokula kama asilimia 15, RS200 nzima kabisa ikisoma 175 mpaka 180 kwenye tairi usimtukane fundi. Na gari moja, mashine moja, ukiirusha asubuhi na ukairusha mchana injini ikiwa imekolea joto inaweza kupishana farasi nne tano. Sasa mtu akikuonyesha karatasi mbili za siku tofauti akasema "koni imeleta tano", hapo hajakuonyesha kitu.

Bila daino pima hivi. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu, gia ya tatu, kanyaga kuanzia 60 mpaka 120, simu ya GPS ikuhesabie sekunde, halafu geuza urudie upande wa pili ili upepo na mteremko vikatane. Fanya kabla ya kufunga kitu na baada, hali ya hewa ikiwa inafanana. Sikio lako liache nyumbani.

Mimi mtu akija na RS200 akaniuliza aanzie wapi namwambia aanze kutafuta farasi zilizopotea. Hizi gari mpya kabisa ni ya 2005, zote zimepita miaka 20. Pima kampresheni ya silinda zote nne. Badilisha plagi, za kweli, siyo zile zilizojaa sokoni zenye boksi zuri kuliko plagi. Angalia koili, safisha throtol, safisha kile kichujio kidogo cha oili cha VVT-i ambacho mafundi wengi hawajui hata kama kipo, badilisha oksijeni sensa iliyochoka. Nimeona Altezza inayovuta kama ya pistoni tatu ikarudi kuwa gari kwa kazi hizo tu, na mwenyewe alishaweka oda ya heda. Hapo unaweza kurudisha farasi 20, 30, ambazo hamna chuma cha kununua kitakupa.

Halafu toa sabufa. Najua, najua. Lakini RS200 ina kilo 1,340 hivi, na ukiangalia buti la Altezza za mjini kuna sabufa mbili, boksi la mbao, amplifaya, betri ya pili, rimu za inchi 18 nzito kama mawe ya kusagia. Ukipunguza kilo 100, kwenye kuchomoka ni kama umeongeza farasi 15. Bure, na breki zinakushukuru.

Na kama bado roho inataka 260 basi tuongee kiume kuhusu lita. Kuna Altezza Gita, lile toleo la wagoni, ya AS300 inayokuja na 2JZ-GE ya lita 3, injini ile ile ya Lexus IS300 ya Marekani, ambayo kule iliandikwa farasi 215 tu, namba inayokaribiana na ya kwako. Toki yake lakini inafika Nm 295, na ukigawa kwa lita ni 98, yaani kwa lita moja moja Beams inaishinda. Endesha zote mbili siku moja, ile lita 3 inavuta kuanzia 2,000 wakati yako bado inatafuta gia. Mafuta itakula, sitakuficha, na kuifunga kwenye RS200 unahitaji gia boksi, nyaya na kontrol boksi yake, kwa hiyo watu wenye akili wanauza RS200 wananunua Gita nzima. Ukitaka injini peke yake, bei zinapanda na kushuka na meli, waulize wauza vyuma wa Ilala wiki unayotaka kununua.